Risasi Tatu kwa Karatasi Moja

Sabaki, 12 Februari 1984

Kwa Fundi Athman, Junju.

Shikamoo fundi wangu. Habari za tangu utuache Malindi ukaenda kupumzika kwa binti yako Shekha? Sisi huku tu wazima, ila mvua imetukataa. Mahindi mabichi yaliyobaki upande huu ni ya kwangu, ukingoni mwa mto, ninayoyamwagilia kwa ndoo.

Barua anaandika mke wangu Kanze, maana unajua kalamu na mkono wangu havipatani. Mimi nasema, yeye anaandika. (Na mimi Kanze nakuamkia, fundi. Ameniambia niandike neno kwa neno. Akisema uongo nitaueleza hapa kwenye mabano.)

Fundi, miaka sita nilipiga randa vitako vya bunduki za wawindaji pale karakana kwako, mpaka serikali ikapiga marufuku uwindaji nasi tukageuka mafundi wa cherehani. Nimeshika bunduki za watu mia, yangu hata moja. Sasa nimeiunda. Usiniulize vyuma nimevipata wapi. Kitako ni cha mbambakofi, nimekipima kwa mkono wangu mwenyewe kama ulivyonifundisha: mwisho wake ukae kwenye kunjo la kiwiko, na kidole kifikie kifyatulio bila kujinyoosha.

Kuna kiboko anayepanda kutoka mtoni na kurudi alfajiri. Wiki iliyopita amekula mistari minane. Akiendelea hivi, mwezi wa nne watoto watakula maneno. Lakini bunduki yangu ina kasoro mbili. Kwa hatua hamsini inakwenda kushoto kiganja kizima, na mara moja katika nne inakataa kulia kabisa, nyundo inagonga bure. (Ni mara moja katika tatu. Mimi ndiye ninayehesabu.)

Nifanyeje?

Mimi mwanao,
Kitsao


Junju, 20 Februari 1984

Mwanangu Kitsao,

Marahaba, tena marahaba. Kwanza nikutukane kidogo, ndipo nikusaidie. Ewe mtoto, umeunda bunduki bila leseni, halafu unaniandikia barua yenye jina langu na lako? Ukikamatwa mimi sikujui, sijawahi kukuona, na Malindi sijawahi kuishi. Basi barua zako mpe kondakta Baya aziache kwenye duka la Mtwapa, mjukuu wangu huzichukua. Posta usiiguse.

Sasa sikiliza. Mchagua jembe si mkulima. Kabla hujailaumu bunduki, mlaumu Kitsao. Nakukumbuka ulivyokuwa ukijaribu bunduki za wateja nyuma ya karakana: unavuta kifyatulio kama mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba. Kila risasi yako ilikwenda kushoto hata kwa bunduki ya yule Mzungu tajiri iliyotoka kiwandani. Iegemeze kwenye gunia la mchanga, vuta pumzi, itoe nusu, halafu kidole kifanye kazi peke yake.

Utaratibu ni ule ule wa karakana. Rekebisha jambo moja tu kwa siku. Kisha piga risasi tatu kwa karatasi moja, si mbili wala si nne. Andika tarehe, unitumie karatasi. Risasi moja ni bahati, mbili ni ubishi, tatu ndizo zinazosema. Unajua mimi karatasi yenye matundu huisoma kama wengine wanavyosoma barua.

Na kiboko usimkaribie mpaka niseme mimi kwamba nimeridhika.

Mkeo usimkataze mabano. Nimecheka mpaka Shekha akaja kuuliza kuna nini. Kuna siku huku zinapita nzima bila mtu kuniuliza kuna nini.

Fundi wako,
Athman


Sabaki, 4 Machi 1984

Fundi, shikamoo.

Nakutumia karatasi nne za daftari la mtoto. Ya kwanza utaona aibu kuitazama. Ya nne, itazame vizuri: matundu matatu unaweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya soda, na kushoto imebaki upana wa vidole viwili. Ulisema kweli, ng'ombe alikuwa kidoleni. (Alikasirika siku mbili kabla ya kukubali. Chakula alikula lakini.)

Zile hesabu za mke wangu uzisahau. Kuhusu kushoto kulikobaki, nimeisogeza alama ya kulengea kidogo kidogo, siku moja jambo moja.

Sasa imebaki kasoro ya kukataa. Nyundo inaangukia kwa uvivu, nadhani springi haina nguvu. Nimejaribu kuunda nyingine mara tatu, zote zinalegea. Wewe ndiye uliyekuwa ukiunda springi ambazo hata Wazungu walizitaka. Niundie moja, fundi. Mkono wako ndio ninaouamini.

Kiboko ameingia mara mbili tena. Mistari iliyobaki ni kumi na tisa. (Kumi na saba.)

Kitsao


Junju, 11 Machi 1984

Mwanangu Kitsao,

Karatasi zimefika. Ile ya nne nimeiweka dirishani ili kila anayepita aone. Shekha amewaambia majirani kwamba baba yake sasa anatundika karatasi zilizoliwa na panya.

Springi ndiyo hii, kwenye kopo la dawa. Nimeiunda mwenyewe kwa mkono wangu huu, na nimeijaribu mara thelathini. Haikukosa hata moja. Itie, piga karatasi moja ya mwisho, ukiona sawa basi nimeridhika. Mpige akiwa ubavu, nawe usisimame kati yake na maji.

Allah akulinde.

Athman


Sabaki, 17 Machi 1984

Fundi,

Springi nimeitia leo asubuhi. Nimepiga risasi tatu, zote tatu zimelia, karatasi hii hapa. Kesho alfajiri namngoja. Nitakuandikia habari zake, na kama watu wa huku hawatammaliza, nitakutumia nyama. (Nimemwambia fundi ni Mwislamu, hali kiboko. Anasema basi atakutumia hadithi.)

Kitsao


Junju, 2 Aprili 1984

Kitsao, ewe mjinga wangu,

Wiki mbili kimya! Umempiga kiboko ukawa mtu mkubwa, sasa sisi wa karakana hutujui tena? Au umemkosa unaona haya? Kama umemkosa sema tu. Mimi niliwahi kumkosa nyati kwa hatua ishirini mbele ya wateja watatu, nikasema jua liliniingia machoni, na jua lilikuwa mgongoni.

Mjukuu anakwenda dukani kila Baya anapopita, anarudi mikono mitupu. Nimeanza kumwona kama yeye ndiye anayezificha.

Niandikie, hata mistari miwili. Mwambie Kanze anitie na mabano yake.

Athman


Sabaki, 9 Aprili 1984

Dada Hannah, Barani.

Tangu mlipoondoka hangani, matanga yalipokwisha, nyumba imekuwa kubwa. Watoto wanalala kwa mama mkwe, mimi nalala huku peke yangu, sijui kwa nini sitaki kwenda kule.

Pale hangani watu walikuwa wengi, sikukueleza ilivyokuwa. Nilikuwa nyuma yake, kwenye mahindi, nimeshika ndoo. Kiboko alikuwa anarudi mtoni na Kitsao alikuwa ubavuni kwake, pazuri kabisa, lakini yule mnyama akageuka akashika njia yetu. Kitsao akavuta. Nikasikia chuma tu, kah, kama mtu anayefunga kufuli. Nikapiga kelele akimbie. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, dada, mwembe ulikuwa karibu. Hakukimbia. Alirudisha nyundo akavuta tena, maana aliniambia wakati tukitoka nyumbani: "Fundi kaijaribu mara thelathini." Aliamini itakubali mara ya pili.

Kabla askari hawajafika niliificha bunduki uchagani chini ya magunzi. Nilipoifungua siku ya pili, springi ilikuwa vipande viwili.

Askari wa wanyama walimpiga yule kiboko wiki ile ile, kwa risasi mbili. Kwa hiyo sina hata wa kumchukia.

Sasa sikiliza nililofanya, usinigombeze. Juzi ilikuja barua ya Fundi Athman. Hajui. Imeandikwa "Kitsao, ewe mjinga wangu." Nilikaa chini pale pale nikaisoma kwa sauti, tena na tena. Watu wote hapa sasa wanamwita marehemu. Kuna mtu mmoja tu duniani anayemtukana kama mtu aliye hai.

Nimemjibu, dada. Kama Kitsao, na mabano yangu ndani yake kama zamani.

Kanze


Sabaki, 9 Aprili 1984

Fundi, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya, nilikuwa na homa. Kiboko hatukuonana, alihamia upande wa pili, halafu askari wa wanyama wakammaliza kabla yangu. Nimeona wivu. (Amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.)

Springi ilikatika nikiijaribu shambani. Hakuna aliyeumia. Naomba nyingine ukiwa na nafasi. Kiboko hayupo lakini nyani na nguruwe wapo, na hata wasingekuwepo, bunduki hii ni ya kwanza kwangu na sitaki ibaki nusu. Nataka iwe haikosi. (Anataka ukamilifu, na mlango wa nyumba bado hajautia bawaba mwaka wa pili huu.)

Mwanao,
Kitsao


Barani, 22 Aprili 1984

Kanze mdogo wangu,

Sikugombezi, lakini nitasema. Unaandika maneno ya Kitsao, halafu unajibishana naye kwenye mabano? Nimelia jikoni mpaka sufuria ikaungua. Huo si msiba tena, huo ni ugonjwa.

Na yule mzee je? Siku atakapojua, utakuwa umemuua Kitsao mara ya pili, mara hii kwa mkono wako. Mwandikie ukweli. Na hilo dude lako litupe mtoni kabla naibu chifu hajalisikia.

Nitakuja mwisho wa mwezi. Nitakuletea unga.

Hannah


Junju, 29 Aprili 1984

Mwanangu Kitsao,

Barua yako imenifanya nile chakula cha mchana chote, na Shekha amekushukuru kwa hilo. Pole kwa homa.

Springi kukatika ni jambo la kawaida, vyuma ni kama watu. Hii ninayokutumia nimemwagiza kijana mmoja wa Mtwapa mwenye karakana yake aiunde, mimi nikikaa pembeni nikimwelekeza. Macho yangu yamechoka kidogo. Kijana ni hodari, ana dharau lakini ni hodari. Hii tumeijaribu mara mia na ishirini, mbele yangu, nikihesabu kwa tasbihi.

Endelea na utaratibu. Jambo moja kwa siku, risasi tatu kwa karatasi moja. Nitumie karatasi. Huwezi kujua zinavyonifurahisha. Binadamu akifika umri wangu watu huacha kumwuliza maswali, humwuliza tu kama amekula.

Athman


Sabaki, 20 Mei 1984

Fundi, shikamoo.

Springi mpya ni ya ajabu. Mara arobaini, haijakataa hata mara moja. Nimeandika kila siku nyuma ya kalenda. (Hili ni kweli, mimi nimeshuhudia.)

Karatasi tano hizi hapa. Risasi zimeacha kwenda kushoto. Sasa zinakwenda chini na kulia, na zimetawanyika kuliko mwanzo, sijui kwa nini. Bega nalo linauma. Nadhani kasoro ni kitako, ni kirefu mno. Nikiiweka begani kidole hakifikii kifyatulio mpaka nisogeze shingo mbele kama kobe. Nataka kukikata. Je, nikate vidole vitatu au vinne? Mbambakofi ukishakatwa haurudi, nisingependa kuharibu.

Mahindi tuliyavuna yaliyobaki. Magunia mawili.

Kitsao


Junju, 3 Juni 1984

Kwa Kanze, mke wa Kitsao.

Mwanangu, leo nakuandikia wewe.

Nimezipanga karatasi zako kitandani mchana kutwa. Ni mwezi wa Ramadhani, mtu aliyefunga ana saa nyingi za kutazama kitu. Nilianza kwa kucheka. Nikasema, huyu Kitsao mikono imemfupika kwa homa? Mtu aliyepima kitako kwa kiwiko chake mwenyewe mwezi wa pili, mwezi wa tano kimekuwaje kirefu kwa vidole vinne? Nikatafuta kalamu nimtanie.

Kisha nikazitazama tena karatasi. Kitsao nimetazama karatasi zake miaka sita. Kitsao huvuta kushoto. Akikasirika huvuta kushoto, akiugua huvuta kushoto, na siku ile mtoto wake wa kwanza alipozaliwa alivuta kushoto mpaka akapasua kioo cha jirani. Mtu huyu wa Mei anashuka chini na kulia. Huyu anaogopa mlio, anafumba macho kabla haujaja. Ana mkono mfupi na bega jembamba.

Kalamu nimeiweka chini siku tatu.

Kanze, Kitsao yuko wapi?

Athman


Sabaki, 11 Juni 1984

Baba Athman, shikamoo.

Yuko chini ya ardhi, nyuma ya nyumba, tangu tarehe kumi na tisa Machi. Kiboko alimwua siku moja kabla, alfajiri, na bunduki mkononi. Ulipoandika ukamwita mjinga wako, alikuwa ameshatimiza wiki mbili.

Sina la kujitetea. Nilisema nitaandika barua moja tu. Kisha ukajibu, na ulipojibu yeye alikuwepo. Nilikuwa nakwenda shambani mchana, napiga risasi tatu, nakuja kukueleza kama yeye, na kwa saa ile moja ya kuandika nilikuwa namsikia kabisa, hata pale anapokohoa kabla ya kusema uongo. Sikufanya kwa ajili ya kukudanganya. Nilifanya kwa sababu ilikuwa njia pekee ya kugombana naye.

Nisamehe, baba.

Kanze


Junju, 8 Julai 1984

Mwanangu Kanze,

Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Idd imepita, sikutoka nje. Nimemlilia Kitsao kama nilivyowalilia wa damu yangu. Wewe sina la kukusamehe. Miezi mitatu ulinipa ambayo mimi pia sikustahili.

Sasa na mimi nieleze langu. Barua hii anaandika Shekha. Zote ameziandika yeye tangu mwanzo. Sikuja Junju kupumzika. Mwaka jana nilianguka na mkono wangu wa kulia ukafa. Hauwezi kushika kijiko. Nilimficha Kitsao, nikawaficha watu wote wa Malindi, kwa sababu mkono ule ndio uliokuwa jina langu.

Alipoandika kwamba mkono wangu ndio anaouamini, niliona haya kusema ninao mmoja tu. Nilimtuma Shekha kwenye sanduku langu la zamani, akatoa springi ya siku za wawindaji, sijui ya mwaka gani. Ilikuwa na kutu, akaisugua kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Sikuiunda. Sikuijaribu mara thelathini. Sikuijaribu hata mara moja. Niliandika thelathini kwa sababu ni idadi nzuri.

Ulipoandika kwa jina lake ulisema ilikatika shambani, katika majaribio, na hakuna aliyeumia. Sasa najua barua ile ilikuwa ya kubuni, na sijui ni maneno yapi ndani yake yaliyokuwa ya kweli. Umeniambia alikufa na bunduki mkononi. Hukuniambia zaidi.

Nakuomba kwa haki ya Mungu uniambie. Asubuhi ile, ililia au haikulia?

Silali, mwanangu. Kama haikulia, mimi ndiye niliyemwua, na nitakwenda kwa Mola wangu nikilijua hilo. Nitangoja jibu lako.

Athman


Sabaki, 20 Julai 1984

Dada Hannah,

Nakutumia barua ya yule mzee uisome mwenyewe, halafu uniambie kama bado unamhurumia.

Haikujaribiwa hata mara moja! Kitsao alikufa kwa ajili ya idadi nzuri. Laiti angeandika "mwanangu, mkono wangu umekufa," Kitsao angecheka, angelia kidogo, angetafuta springi kwingine, na leo angekuwa hapa hajatia bawaba za mlango.

Vile vipande viwili ninavyo. Nimevitazama kwenye jua. Pale ilipokatika, nusu ni chuma kinachong'aa na nusu ni kutu ya zamani, nyeusi. Ilikuwa imepasuka ndani hata kabla haijatoka Junju. Nimevifunga kwenye kitambaa. Nitavitia kwenye bahasha na neno moja: haikulia. Hata jina langu sitaandika. Avitazame vizuri, si anajua kusoma vyuma.

Nimeshampa Baya taarifa kwamba nina kifurushi.

Kanze


Barani, 25 Julai 1984

Kanze,

Nimeisoma. Simhurumii. Tuma.

Lakini nimeisoma mara ya pili, na kuna jambo limenikaa. Barua ile imeandikwa na binti yake. Yeye ndiye aliyeisugua springi kwa mafuta ya taa, na yeye ndiye atakayelisoma jibu lako kwa sauti, baba yake akisikiliza.

Fanya utakavyo. Mimi sikuwa nyuma yake kwenye mahindi, wewe ndiye uliyekuwepo.

Hannah


Sabaki, 19 Agosti 1984

Baba Athman, shikamoo. Na Shekha, kama unasoma wewe, nakusalimu dada yangu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nikumbuke sawasawa, nisiseme la uongo tena.

Nilikuwa nyuma yake hatua kumi, nilisikia kwa masikio yangu. Ililia, baba. Ililia mara ya kwanza alipovuta, kwa sauti kubwa, mpaka ndege wote wa ng'ambo wakaruka. Springi yako ilikatika mwezi wa nne mikononi mwangu mimi, nilipokuwa najifunza na kuvuta nyundo vibaya. Lile nililoandika kwa jina lake lilikuwa la kweli. Vipande nimevitupa mtoni.

Tatizo halikuwa bunduki. Kiboko alikuwa ubavu, karibu, hatua kumi na tano, mahali ambapo hata mimi leo nisingemkosa. Lakini Kitsao alikivuta kifyatulio kama mtu anayevuta ng'ombe kwa kamba. Aliogopa, baba. Risasi ilikwenda kushoto kabisa, kwenye matete. Hakupata nafasi ya pili.

Nakuomba jambo hili libaki kwenu wawili. Mama yake yupo, wanawe wanakua, na watu wa huku wanamsifu kwamba alisimama kama mwanamume. Najua marehemu hasemwi vibaya, na sijawahi kumsema mpaka leo. Lakini umeniuliza kwa haki ya Mungu, nami nimekujibu. Alikosa.

Lala, baba.

Kanze